Sufuria ya Mwisho Ilibaki Nyumbani

Kila asubuhi Fundi Kilo alichuchumaa mbele ya tanuri lake kwenye uwanja wa mafundi, amevaa aproni ya ngozi yenye matundu, uso umemwiva kwa joto. Feni ilivuma. Makaa yaliwaka mekundu. Juu ya makaa kulikuwa na chungu cha chuma, na ndani yake mabaki ya kila namna: vifuniko vya injini, fremu za madirisha, mabirika yaliyotoboka. Yote yalikuwa alumini. Baada ya muda yaligeuka uji mweupe unaong'aa. Fundi aliinamisha chungu, akaumimina uji ule ndani ya kalibu za mchanga. Ulipopoa, aliuvunja mchanga, na sufuria ikatoka.

Jina lake halisi watu walikwisha kulisahau. Walimwita Kilo kwa sababu ya namna yake ya kuuza. Mteja akija, Fundi hakupoteza maneno. Alimpa sufuria mbili, moja ya dukani na moja yake. Mteja aliinua hii, kisha akainua ile. Ya dukani ilikuwa nyepesi. Ya Fundi ilivuta mkono chini.

"Umeusikia uzito?" Fundi aliuliza.

"Nimeusikia. Hii nitawarithisha wajukuu."

"Basi chukua. Hiyo nyingine wape watoto wachezee."

Mteja alicheka, na sufuria ikaondoka. Fundi naye kichwa kilivimba kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema, maana hadithi yenyewe itakufanya umkasirikie.

Uzito ule ulikuwa na siri. Miaka minne kabla ya haya, mteja mmoja alimrudishia sufuria, akamwambia ni nyepesi kama karatasi. Fundi aliumia sana. Siku hiyo hiyo alipita kwa jirani yake, fundi wa magurudumu, akaona kopo lililojaa vipande vidogo vya kijivu. Ni vile vizito wanavyobandika kwenye magurudumu ya gari ili yasitetemeke. Alichukua kimoja. Kilikuwa kidogo kama kidole, lakini uzito wake ulimshangaza.

"Hii ni nini?"

"Risasi, ile metali wanayotia kwenye betri za gari," jirani akajibu. "Chukua, mimi natupa tu."

Fundi alirusha konzi moja ya vipande vile ndani ya chungu chake. Risasi iliyeyuka kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Sufuria za siku ile zilitoka nzito, na wateja wakazisifu. Tangu hapo kila chungu kilipata konzi mbili. Aliona anawaongezea watu. Mtu akinunua sufuria, apate sufuria kweli kweli!

Kulikuwa na jambo jingine, na hili ndilo lililomponza. Kila chungu kilitoa sufuria sita. Sufuria ya sita, ile ya uji wa chini kabisa, ilikuwa nzito kuliko zote. Hakujiuliza kwa nini. Alifurahi tu.

"Ya sita siuzi," alimwambia mkewe. "Wateja wachukue hizo nyingine. Ya sita ni ya kwetu."

Kwa hiyo jikoni kwake kila sufuria ilikuwa ya sita. Ya maharage, ya uji, ya chai, zote. Mara moja moja aliipeleka ya sita kwa jirani aliyejifungua, iwe zawadi. Mpaka leo jambo hilo likitajwa, Fundi huinama kama mtu aliyeangusha kitu.

Alikuwa na binti mmoja tu, mwenye miaka saba. Nyumba nzima walimwita Bosi. Tangu alipojua kusema, alikuwa akitoa amri. "Baba, nawa mikono." "Mama, leo usinisuke, nimechoka." Aliwapanga watoto wa jirani kwenye mstari akawafundisha, ilhali yeye mwenyewe hajaanza shule.

Alipoanza shule, mambo yakawa mengine. Mwezi wa pili mwalimu wake alimwita mama yake.

"Mtoto wako ni mwerevu, lakini hashiki," mwalimu alisema. "Leo anaijua herufi, kesho ameisahau. Na amekuwa na hamaki. Jana alimpiga mwenzake bila sababu."

Nyumbani nako Bosi alilalamika tumbo. Choo kilikuwa kigumu. Chakula alikisogeza pembeni. Alikaa kizingitini ameshika tama, na hakumwamuru mtu yeyote kitu chochote. Mama yake alimpa dawa ya minyoo. Haikusaidia. Fundi alisema, "Ni deko tu, atakua." Mama akampikia uji mzito zaidi, kwenye sufuria ya sita.

Mwishowe walimpeleka kituo cha afya. Daktari alimpima macho, akambonyeza tumbo, kisha akawageukia wazazi.

"Baba unafanya kazi gani?"

"Natengeneza sufuria," Fundi alijibu kwa fahari. "Nzito. Muulize mtu yeyote."

"Unatumia nini?"

"Alumini. Na risasi kidogo, ili..." Aliona kalamu ya daktari imesimama.

Damu ya Bosi ilichukuliwa ikapelekwa kupimwa. Majibu yalirudi baada ya wiki moja. Daktari aliwaeleza polepole, bila ukali.

"Damu ya mtoto ina risasi, na ni nyingi. Risasi ni sumu. Haina kazi yoyote mwilini. Kwa mtoto, hata kiasi kidogo kinadhuru. Inaumiza tumbo, inapunguza damu, na inagusa ubongo. Mtoto anakuwa na hasira, anasahau, anachelewa kujifunza."

"Atapona?" mama aliuliza.

"Acheni kupikia sufuria hizo leo hii. Mpeni mboga za majani, maharage, maziwa, mayai. Nitampima tena na tena. Risasi iliyo kwenye damu itapungua. Lakini iliyokwisha kugusa ubongo, siwezi kuwaahidi."

Walirudi kwa miguu. Bosi alikuwa mgongoni kwa baba yake, amelala. Karibu na mlango wao mama alisimama.

"Ya sita," alisema. "Ulisema ya sita ni ya kwetu."

Fundi alimpandisha Bosi vizuri mgongoni. Angetukanwa, angepata nafuu.

Kesho yake asubuhi, baada ya mkewe kupeleka habari, alikuja shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, ambaye alikuwa mwalimu wa uhunzi katika chuo cha ufundi. Huyu mama alikuwa na mikono migumu kuliko ya wanaume wengi, na mdomo usiokosa utani. Lakini siku ile hakutania. Na hapa lazima niseme kitu ambacho Fundi alikuwa anakikumbuka tangu alfajiri. Miaka miwili nyuma, shemeji huyu alikula chakula kwao. Aligonga sufuria kwa kidole, akakunja uso.

"Shemeji, hii umeichanganya na nini?"

"Na mapenzi!" Fundi alijibu, na meza nzima ikacheka.

"Sitanii. Haina mlio wa alumini. Usiongeze kitu usichokijua."

"Shemeji, wewe na chaki yako, mimi na moto wangu."

Ndivyo alivyomjibu. Alikuwa na mtu anayejua, tena mezani kwake, akamfanyia mzaha ili acheke na wageni. Bosi alikuwa na miaka mitano wakati ule.

Sasa shemeji alitandika gunia uani. Juu yake aliweka vipande vinne: chuma, shaba, alumini na risasi. Alitoa sumaku na msumari mfukoni.

"Hizi zote ni metali," alisema. "Wewe unazishika kila siku kuliko mimi. Hebu nifundishe. Sumaku inashika ipi?"

"Chuma," Fundi alijibu. Sumaku ilikishika chuma, tak! Vile vingine vitatu havikutikisika.

"Ipi inashika kutu nyekundu?"

"Chuma pia."

"Ipi inapitisha umeme na joto kuliko hizi zote?"

"Shaba. Ndiyo maana nyaya zinatengenezwa kwa shaba. Na alumini inaifuata."

"Sawa. Chukua msumari ukwaruze kila kimoja."

Fundi alikwaruza chuma. Msumari uliacha mstari mwembamba usioonekana vizuri. Kwenye shaba na alumini uliacha alama. Kwenye risasi ulizama kama kwenye sabuni, na pale ulipopita paling'aa, ingawa nje ilikuwa ya kijivu iliyofifia.

"Risasi ni laini," Fundi alisema.

"Laini kiasi gani?"

"Hata ukucha unaweza kuikwaruza."

"Gonga."

Aligonga. Chuma, shaba na alumini vililia. Risasi ilitoa mlio mfu, du.

"Ipi inawahi kuyeyuka?"

"Risasi. Alumini inataka moto mkali zaidi. Shaba zaidi ya hapo. Chuma ndiyo kabisa, tanuri langu haliwezi, ndiyo maana chungu changu ni cha chuma."

"Na ipi nzito?"

Fundi aliinua kipande cha alumini kwa mkono mmoja na cha risasi kwa mwingine. Vilikuwa na ukubwa sawa.

"Risasi," alisema kwa sauti ndogo.

"Kipande cha risasi kina uzito zaidi ya mara nne ya alumini ya ukubwa ule ule. Sasa shemeji, ukivitia vyote viwili kwenye chungu kimoja vikawa uji, kipi kitakwenda chini?"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha jikoni mkononi.

"Risasi na alumini hazichanganyiki vizuri," shemeji aliendelea. "Kidogo inabaki ndani ya alumini, na hiyo tayari ni sumu. Nyingine inazama. Unapomimina, sufuria ya kwanza inapata ya juu. Ya mwisho inapata ya chini."

"Ya sita," alisema Fundi.

"Ya sita."

Shemeji aliloanisha sufuria ya maharage kwa maji ili vumbi lisiruke. Akaikata kitako kwa msumeno wa chuma. Ndani ya alumini nyeupe kulikuwa na vitone vya kijivu, vidogo kama punje za dengu. Alivichoma kwa msumari. Msumari ukazama.

"Mnasugua sufuria, risasi laini inatoka. Mnapika nyanya au limau, uchachu unaitoa tena. Inaingia kwenye chakula bila harufu wala ladha. Na usije ukasema sufuria isiyo na vitone ni salama. Iliyomo ndani ya alumini macho hayaioni. Inaonekana kwa vipimo tu."

"Nilidhani uzito ni uimara," Fundi alisema.

"Uzito ni uzito tu. Risasi ni nzito, na ukucha unaikwaruza. Umeikwaruza mwenyewe sasa hivi."

Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Hakuna alichoulizwa siku ile ambacho mikono yake ilikuwa haikijui. Alijua risasi ni laini. Alijua ni nzito. Alijua inayeyuka upesi. Miaka minne alikuwa anayajua yote hayo, na hakuwahi kuyaweka pamoja akajiuliza swali moja.

"Na nguo zako," shemeji aliongeza. "Vumbi na moshi wa risasi vinaganda kwenye nguo na nywele. Ulikuwa unarudi nyumbani na aproni hiyo?"

Fundi alikumbuka jinsi Bosi alivyokuwa akimkimbilia kila jioni na kuuficha uso kwenye aproni ile. Alikaa chini kwenye mchanga akalia. Shemeji hakumwambia nyamaza. Wala hakumwambia nilikuambia. Alikusanya vipande vyake, akanawa mikono kwa sabuni, akamngoja amalize.

"Una sufuria ngapi huko nje?" aliuliza hatimaye.

Hakuwa na daftari. Mkewe ndiye aliyezikumbuka, mlango kwa mlango, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akipiga soga na wateja. Fundi alikodi mkokoteni. Aliujaza sufuria nyepesi za kiwandani, zile zile alizokuwa akizicheka, akaanza kuzunguka mitaani. Kila mlango alisema maneno yale yale: "Sufuria niliyokuuzia ina sumu. Kosa ni langu. Naomba unirudishie, chukua hii. Na kama una mtoto mdogo, mpeleke akapimwe damu."

Wengine walimshukuru. Wengine walimfungia mlango. Bibi mmoja alishika kiuno.

"Miaka mitatu naipikia, mbona sijafa?"

"Bibi, wewe umekomaa. Huyo mjukuu wako anayetambaa je?"

Bibi alimtazama mjukuu. Akaingia ndani, akarudi na sufuria mbili badala ya moja.

Siku ya nne alifika kwa fundi cherehani, mwanamke aliyeshona nguo barazani kwake. Fundi alimpelekea sufuria ya sita alipojifungua. Sasa mtoto yule alikuwa na miaka mitatu na nusu, ameketi chini ya meza akichezea vipande vya vitambaa. Mama yake alimsikiliza Fundi mpaka mwisho, mguu umesimama juu ya kanyagio la cherehani.

"Huyu hasemi," alisema. "Anasema mama na maji, basi. Watu wamenieleza mengi. Wapo walionambia nimemlea vibaya. Ni sufuria?"

Fundi alitamani kusema hapana. Alitamani pia kusema ndiyo, ili angalau yule mama aache kujilaumu.

"Sijui," alijibu. "Huenda ni hiyo, huenda ni kitu kingine. Kipimo ndicho kitakachotwambia. Nimekuja na mkokoteni, lakini naweza kuuacha hapa. Twende sasa hivi, nitambeba."

Yule mama alikata uzi kwa meno, akafunika cherehani, akamtoa mtoto chini ya meza. Hakumpa Fundi ambebe. Alimbeba mwenyewe, akatangulia. Fundi alimfuata nyuma hatua kadhaa mpaka kituo cha afya, na damu ya mtoto yule nayo ilikutwa na risasi.

Kati ya sufuria alizozikumbuka mkewe, nyingi zilirudi. Fundi alizitoboa vitako kwa patasi ili mtu asizipikie tena, na chuo cha ufundi kikazichukua kuzihifadhi mbali na watu. Nyingine hazikurudi. Wenyewe walihama, au waliziuza, au walizipeleka kwa ndugu zao mbali. Ziko jikoni mahali fulani, zinasifiwa kwa uzito.

Fundi hatengenezi tena sufuria. Mabaki ya vyuma hayajulikani yalikopita, na chakula hakitaki kubahatisha. Siku hizi anatengeneza vishikizo vya milango na miguu ya meza, kwa alumini peke yake. Kila jioni anavua nguo za kazi kule kule uwanjani, anaoga, anavaa nguo safi, ndipo anarudi nyumbani. Fundi wa magurudumu naye hatupi tena vizito vyake ovyo. Anaviweka kwenye ndoo yenye mfuniko, na haruhusu mtu aviyeyushe.

Damu ya Bosi ilipimwa tena baada ya miezi mitatu, kisha baada ya sita. Risasi ilikuwa imeshuka, ikashuka tena. Tumbo liliacha kumuuma. Alianza kula, akanenepa mashavu, na amri zikarudi: "Baba, viatu vyako viko njiani." Mama yake aliposikia hivyo mara ya kwanza, aligeukia ukuta ili asionekane.

Kusoma tu ndiko kulikobaki nyuma. Wenzake walikwisha kumaliza kitabu cha kwanza. Yeye alikuwa ukurasa wa tisa.

Jumapili moja alikuwa ameketi mkekani na kitabu chake, baba yake pembeni. Kidole kilikuwa chini ya neno.

"Baba," alisema bila kuinua uso. "Kwa nini mimi nasoma polepole?"

Mama aliacha kukunja nguo. Fundi alikuwa ameyasema maneno yale kwenye milango mingi, mpaka yakamzoea mdomoni. Hapa nyumbani alikuwa hajayasema.

"Ni kwa sababu yangu," alisema. "Nilitia kitu kibaya kwenye sufuria zetu. Kiliingia kwenye chakula chako, kikakuumiza kichwa ndani, mahali pa kusomea."

Bosi alifikiri.

"Ulijua?"

"Sikujua. Mama yako mkubwa alijaribu kuniambia. Nikamcheka."

"Sasa unajua?"

"Sasa najua."

"Haya," alisema Bosi, akarudi kitabuni. Alitazama neno kwa muda mrefu. Midomo ilicheza bila sauti. Fundi alisogea, akafungua mdomo ili amsomee.

"Usiniambie," Bosi alisema. "Ningoje."

Lilikuwa neno fupi, la silabi mbili. Fundi akangoja.